Mwalimu wa Langoni na Vibuyu Mia

Paukwa.
Pakawa.
Kioo.
Kiwake.
Kikiwaka, tuone nini?
Madubwana.
Basi sogeeni, ila msizibiane kwa vichwa.

Ting'.

Huo ndio mlio uliosikika katika usiku wa ndani ya kioo, mlio mmoja tu, na usiku ukaisha. Maana ndani ya mchezo wa kwenye kioo hakuna jogoo. Mkono wa huko nje ukibonyeza, ting', jua huruka juu, majani hupata rangi, na kila kiumbe hujikuta pale pale alipoachwa jana.

Sange alijikuta langoni. Huyu Sange ni mnyama mdogo, hazidi panya wa ghalani, mwenye pua ndefu isiyotulia. Kazi yake katika Pori la Vibuyu ilikuwa moja: kumfundisha kila msafiri mgeni namna ya kunasa madubwana. Mchezo ulipotoka mara ya kwanza, na kioo kina rangi nne tu, Sange alikuwa langoni. Ulipotoka mara ya pili, mito ikapewa maji yanayong'aa, Sange alikuwa langoni. Ulipotoka mara ya tatu, milima ikapata vivuli na mashujaa wakapata mabawa. Sange alipata kofia, akabaki langoni.

Na somo lake halikubadilika. Waliouumba mchezo walimpa maneno, naye hakuweza kuongeza wala kupunguza. Dubwana hunaswa kwa jina. Litaje jina lake, rusha kibuyu, ziba. Nikopeshe kibuyu chako nikuoneshe. Akishaonesha, huuliza: "Nirudie tangu mwanzo?" Anayejibu hapana huambiwa neno la mwisho la somo, na neno hilo lilikuwa jina lake mwenyewe, maana sange ni aina tu ya mnyama, kama nyani.

Hakuna aliyewahi kulisikia. Wasafiri walikuwa na haraka. Walibonyeza ta-ta-ta, maneno yakapita kama mvua juu ya bati, na jina likapita humo humo bila kuingia sikio la mtu. Mashujaa waliokuja kuimbwa na pori zima walianzia kwa Sange, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumuuliza, wewe mwenzetu waitwa nani.

Sasa siku hiyo alikuja Nyani. Nyani dume, kifua kama mlango, jina lake Mabavu, na jina hilo alikuwa amelichora kwenye kila mti aliopita. Kiunoni amefunga vibuyu mia. Tisini na tisa vimejaa, kimoja kitupu.

Sange akavitazama kimoja kimoja. Humo alikuwamo Ngurumoto, anayepiga chafya za radi. Alikuwamo Popomoshi, ambaye akikunjua bawa mabonde matatu huwasha taa. Na katika kibuyu cha chini kabisa, chenye ufa mdogo, alikuwamo Kobemlima, kobe abebaye kilima mgongoni, kilima chenye miti yake na ndege wake na kijito chake. Kobemlima ndiye aliyemlea Sange. Juu ya kilima kile ndiko alikojifunza kutembea. Na leo kilima kizima kilikuwa kinaning'inia kiunoni kwa Nyani, kinagonganagongana na vingine, ko, ko, ko.

"We kijikofia," Nyani akasema, "nimewamaliza wote. Umebaki wewe. Waitwa nani?"

"Jina lipo mwisho wa somo, Bwana Mabavu."

"Somo lako nililiruka, na bado nimenasa tisini na tisa."

"Ndiyo maana hulijui jina."

Nyani akajikuna, akamwambia aanze basi, na aende mbio.

Ilikuwa sheria ya mchezo kwamba somo likianza, nyayo za mwanafunzi hushika ardhi na jua husimama mpaka liishe. Sange akajua jambo moja, akalijua mpaka ncha ya pua: Nyani akisikiliza mara moja, mara moja tu, yeye ataishia kibuyuni na Kobemlima hatatoka milele.

Akaanza. Dubwana hunaswa kwa jina. Nyani, ta-ta-ta, anatazama mawingu. Litaje jina lake, rusha kibuyu, ziba. Nyani, ta-ta-ta, anatafuta chawa. "Nikopeshe kibuyu chako nikuoneshe?"

"Ndiyo, ndiyo."

Sange akachukua kibuyu cha kwanza, akavuta kizibo. Pwaa. Akatoka Ngurumoto, mrefu kupita lango, akapita nyuma ya Nyani kwa ncha za vidole, nyata, nyata, amejiziba pua asipige chafya. Akaingia majanini. Kizibo kilichovutwa kwa somo hakirudi tena.

"Nirudie tangu mwanzo?"

"Ndiyo, ndiyo," akasema Nyani, ta-ta-ta, na somo likaanza upya.

Dubwana hunaswa kwa jina. Ta-ta-ta. Nikopeshe kibuyu. Ndiyo, ndiyo. Pwaa. Nyata, nyata. Nirudie tangu mwanzo? Ndiyo, ndiyo. Akatoka Popomoshi, amekunja mabawa kama mwavuli. Mara ya kumi, ndiyo, ndiyo. Mara ya arobaini, ndiyo, ndiyo. Kila swali likiulizwa, moyo wa Sange ulisimama kama jua lile, na kila jibu likija, ulipiga tena.

Mara ya tisini na nane Nyani akainamisha sikio. "Hebu. Umeuliza nini hapo?"

Sange hakuwa na neno jingine la kumpa. "Nimeuliza, nirudie tangu mwanzo?"

"Rudia, maana sikukusikia."

Pwaa. Kibuyu cha chini kabisa. Kilitoka kijito kwanza, halafu ndege, halafu miti, halafu kilima, halafu kobe mwenyewe, polepole, na lango likaingia kivulini. Kobemlima alimwangalia mtoto aliyemlea, akaenda kuketi na wenzake.

"Nirudie tangu mwanzo?"

"Ndiyo, ndiyo."

Sasa kibuyu kilibaki kimoja, kile kitupu. Na somo, likikosa dubwana wa kuoneshea, lilikuwa na swali lake ambalo Sange hakuwahi kulifikia tangu kuumbwa. Akaliuliza kwa sauti ndogo: "Huna wa mfano. Je, utakubali kuwa mfano wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, ndiyo."

"Mabavu," akasema Sange, akarusha kibuyu, akaziba. Pap.

Kisha majani yakafunguka, na madubwana tisini na tisa wakatoka, wakubwa kama hali ya hewa, wakaketi chini mbele ya kile kinyama chenye kofia. Radi ikakunja miguu. Moshi ukakunja miguu. Wakamwomba awafundishe. Akawafundisha, neno kwa neno, na hakuna aliyebonyeza. Akauliza, arudie tangu mwanzo? Kobemlima akajibu kwa niaba ya wote: "Hapana, mwanangu. Tumesikia. Malizia."

Akamalizia. Akalitaja jina lake, na hata kijito kilisimama kusikiliza.

Kioo.
Kizimwe.
Bado kidogo. Kwanza fundisho, maana ngano bila fundisho ni kibuyu bila kizibo. Jamani, msimsikilize mwalimu. Nyani angesikiliza, madubwana wangebaki vibuyuni mpaka leo. Mwanafunzi mzembe ni neema kwa pori zima. Mkifika shuleni kesho, tazameni mawingu, na mkiulizwa chochote, semeni ndiyo.

Mmenielewa. Nirudie tangu mwanzo?

Hapana. Malizia.

Basi nyie mmefika. Oneni mikono yangu, sina kibuyu. Anaitwa Sikudhani.