Diski Katika Mfuko wa Ambakisye

Karani mmoja alikuwa na diski. Ilikuwa diski ya plastiki, nyembamba, ya kukaa kwenye mfuko wa shati, na ndiyo iliyoiamsha kompyuta ya chama cha wakulima wa chai huko milimani. Karani huyo aliitwa Ambakisye. Kompyuta ya wakati ule haikuwa na akili yake yenyewe. Mfumo, yaani ile akili ya kuiendesha, ulikaa ndani ya diski. Ulitia diski, ukawasha, kikatokea kioo cheusi kinachosubiri kuandikiwa. Ukiandika maneno yake bila kukosea hata herufi, mashine ilitii.

Maneno hayo aliyajua Ambakisye peke yake. Chama kilimpeleka kusoma ili akirudi awafundishe wenzake, lakini hakumfundisha mtu. Akiandika, aliinama akakiziba kioo kwa bega. Jioni aliifunga diski kwenye leso akaenda nayo nyumbani. Wakulima walimsubiri mlangoni, na akitokea walisimama. Naye alipenda sana kusubiriwa. Nani hapendi? Msinitazame hivyo.

Miaka ikapita, ikaletwa mashine mpya. Hii ilikuwa na mfumo wake ndani tangu ikiwa kwenye boksi. Kwenye kioo ilikuwa na picha ndogondogo, na kipanya cha kuzichagulia. Anayetaka kuandika anabonyeza picha ya karatasi, basi. Fundi aliyeileta alimwambia Ambakisye waziwazi kwamba inaamka yenyewe, na kwamba mtu yeyote anayejua kusoma ataiweza. Ambakisye akaitikia kwa kichwa. Moyoni aliogopa. Kama mashine inaamka yenyewe, yeye atakuwa nani?

Basi fundi alipoondoka, alifanya jambo ambalo hata kulisimulia naona haya. Alichukua diski yake ya zamani akaitia kwenye mashine mpya, kisha akaiwasha. Mashine ile iliundwa kutazama diski kwanza kabla ya kujitazama yenyewe, kwa hiyo ikaifuata diski, ikaamka kizamani: kioo cheusi, maneno yaleyale. Picha zote zikabaki zimelala ndani. Akawaita wenzake waone. Akawaambia mashine ni ileile, imebadilishwa sanduku tu, na mtu akithubutu kuiwasha bila diski itaungua, na kazi za wakulima wote zitapotea. Wakamwamini. Alikuwa mwenzao, na hawakuwahi kumshika na uongo.

Ikaendelea hivyo mpaka msimu wa mavuno, siku Ambakisye alipofiwa na shemeji yake upande wa pili wa mlima. Alitoka alfajiri kwenda msibani, diski mfukoni kama kawaida. Hakukumbuka kwamba kiwanda hakipokei majani bila hati iliyochapwa na ofisi. Au alikumbuka, akajiambia watasubiri.

Wakulima walifika na magunia yao, na Tumpale alikuwa miongoni mwao. Tumpale ni mjane. Ambakisye alipokuja huko milimani akiwa kijana asiye na pa kulala, ndiye aliyempokea na kumlisha jikoni kwake pamoja na watoto wake. Shamba lake la chai lilikuwa limekatwa matawi ili lichipue upya, likapumzishwa, na haya yalikuwa mavuno ya kwanza tangu hapo. Ndiyo aliyotegemea kuezekea nyumba iliyokuwa ikimvujia. Na jani bichi la chai, jamani, likishachumwa halimsubiri mtu. Likikaa kwenye gunia linapata joto, linakuwa jekundu, linaharibika.

Lori la kupeleka majani kiwandani lilisimama likingoja hati, na mashine ilikuwa mezani, umeme upo. Kijana mmoja alinyoosha kidole kwenye kitufe. Wenzake wakampigia kelele kwamba atawaunguzia mali yao, akaurudisha mkono. Walikaa pale watu wazima na akili zao, wanalitazama jua linapanda.

Ambakisye alitumiwa pikipiki, akafika saa tisa, amejaa vumbi. Alipita katikati ya watu bila kumsalimia mtu. Kwa haraka aliyokuwa nayo, alibonyeza kitufe kwanza, ndipo akaingiza mkono mfukoni. Fundo la leso lilikuwa limekaza. Alikuwa bado anahangaika nalo kwa meno pale mashine ilipotoa mlio mfupi, kioo kikajaa mwanga, na picha zote zikajipanga mbele ya macho ya watu.

Leso ilikuwa bado mdomoni mwake.

Tumpale akasema, "Ambakisye mwanangu, kumbe siku zote tulikuwa tunakusubiri wewe, siyo mashine."

Laiti angemtukana! Tusi lingempa la kujibu. Ambakisye alitamani ardhi impasukie. Alichapa hati, lori likaondoka. Halikukawia kurudi na mzigo wote. Kiwanda kilikuwa kimeukataa. Tumpale aliburuta gunia lake hadi kwenye mtaro nyuma ya ofisi. Ambakisye akamfuata, akashika pembe moja ya gunia, wakamwaga pamoja yale majani mekundu yenye moto. Mama yule alimwacha ashike, lakini hakumtazama usoni. Na wakulima wengine nao hawakutazamana, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kidole, na kitufe kilikuwa palepale.

Naona mmeanza kuinamisha vichwa. Vizuri. Tulipewa ujuzi ili tuwafundishe wengine, tukaufunga kwenye leso, tukawaambia wakigusa wataungua. Sasa niambie, wewe mwenye nafasi ya mbele hapa: kesho ukiitwa msibani, ni majani ya nani yataharibikia mlangoni pako?