Birika la Sultani Lisiloona Moto

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko viatu, mji wa Kirindi ulioko juu mlimani, kwenye baridi ya kugonganisha meno, ulikuwa na Sultani wake aitwaye Badawi. Huyu alikuwa na ndevu alizozipenda kuliko wakeze. Basi siku moja akainama jikoni kuchungulia chungu cha nyama, cheche ikaruka, ndevu zikateketea upande mmoja. Hapo hapo akapiga marufuku: moto usivuke lango la kasri, wala kitu chochote kilichopashwa moto kisiingie. Ikawa kasri zima linakula ndizi mbivu na maziwa ya mgando, na matumbo ya wakubwa yananguruma barazani kuliko ngoma.

Ijumaa ikafika, Sultani akaingia hamamuni kukoga josho la Ijumaa. Maji aliwekewa na Bi Mwanakheri, mwanamke mtu mzima, aliyekuwa akimwekea tangu yu mtoto. Bibi akatoka, akarudishia mlango. Mara ukasikika ukelele hadi sokoni.

“Mwanakheri! Wataka kuniua?”

“Bwana wangu, ni maji yale yale ya mtoni. Moto umeukataza mwenyewe.”

“Nimekataza moto, sikukataza joto! Ijumaa ijayo nikikoga nikaona baridi, utatoka mji huu na kitanda chako kichwani. Moto usiingie, na jua usinitajie.”

Jua la kutajwa lilikuwa wapi, na Kirindi ni ukungu mtupu? Bi Mwanakheri akarudi kwake, akakaa kizingitini akilia. Makaburi ya wanawe wote yalikuwa Kirindi. Angekwenda wapi, na angezungumza na nani huko?

Akapita kijana mmoja, Chande, asiye na shamba wala kazi, aliyekula nyumba hii leo na ile kesho.

“Mama, walia nini? Ndizi zimekwisha?”

“Ndizi ndizo uzionazo, mwana mpumbavu wewe! Mimi nafukuzwa.” Akamweleza yote.

Chande akasikiliza huku akisugua viganja vyake kwa baridi. Mara akaacha, akavitazama, akacheka. “Hebu nipe mikono yako.” Akamsugua, akamsugua. “Wasikiaje?”

“Ya moto.”

“Na moto uko wapi hapa?”

Bi Mwanakheri akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Ijumaa ya pili ikawakuta uani kwa Sultani. Chande akaomba birika la shaba lenye maji ya mtoni, kamba ya katani, na askari. Birika likafungwa imara kwenye nguzo, kamba ikazungushwa tumbo lake kwa nje, askari wakashika ncha huku na huku.

“Kamba na maji vina udugu gani?” akauliza Sultani.

“Bwana wangu, maji ni watu wadogo mno, wamejaa birikani kama siku ya gulio. Wakienda polepole, mkono wako husema, baridi. Wakikimbia na kupigana vikumbo, mkono wako husema, moto. Kuni kazi yake ni kuwakurupusha tu. Kwetu sisi, kamba itawakurupusha watu wadogo wa shaba, na wa shaba watawakurupusha wa majini.”

“Umewaona watu hao?”

“Sijawaona, bwana wangu. Na wewe kunguni wa godoro lako hujawaona, lakini usiku kucha wajikuna.”

Waziri akaficha uso kwa kilemba. Bi Mwanakheri akasema moyoni, kichwa chake hicho, chaenda.

Lakini Sultani alitaka kukoga, akasema, “Vuteni!” Wakavuta, huku, kule, huku, kule. Walakini askari wale walikuwa wa ndizi na mgando, hawakukawia wakakaa chini wakihema. Bi Mwanakheri akatia kidole majini, baridi ile ile.

“Ondokeni, walegevu ninyi!” Sultani akakunja mikono ya kanzu, akashika ncha moja. “Waziri, shika ya pili. Na ukiiachia, nakuozesha shangazi yangu!”

Basi wakavuta. Kilemba cha Sultani kikaanguka, hakukiokota. Kamba ikanuka, shaba ikalia, jasho likawatiririka. Bibi akatia kidole tena. “Ni vuguvugu!” Wakazidi. Akatia mara ya tatu, akakichomoa upesi akakipuliza. “Lahaula! Yaunguza!”

Sultani akatia chake, akaruka. “Wallahi, kweli!”

“Karibu hamamuni, bwana wangu,” akasema Chande, akilifungua birika nguzoni na kuliinua kwa kitambaa.

Sultani alikuwa amelowa tepetepe, uso mwekundu, anahema kama mvukuto. “Nijimwagie hayo mimi, nilivyo hivi? Nileteeni maji ya mtungini! Ya baridi! Upesi!”

Bi Mwanakheri akamwekea mtungi uliolala nje usiku kucha, akarudishia mlango. Wakasikia kata ya kwanza ya maji ikimwagwa, kisha sauti: “Aaa! Alhamdulillahi!”

“Bwana wangu,” Chande akaita mlangoni, “waona baridi?”

“Hata kidogo!”

“Basi Mwanakheri hafukuzwi.”

Sultani akaangua kicheko humo ndani, akacheka mpaka akaangusha kata.

“Chande, umenivutisha kamba kama punda, nami nakoga maji yale yale yaliyonipigisha ukelele!”

“Maji ni yale yale, bwana wangu. Leo watu wako wa ndani ndio wanaokimbia.”

Waziri naye, viganja vimemchubuka, akapiga magoti pale mlangoni. “Bwana wetu, ikiwa josho la kila Ijumaa ni hili, turudishie moto tafadhali!”

Moto ukarudi siku ile ile, na Chande akala wali wa kasri mpaka akafungua mkanda. Lile birika hakuna aliyeliulizia. Bi Mwanakheri alilichukua taratibu, akaingia nalo chumbani mwake, akajifungia, akakoga maji ya moto aliyopashiwa na Sultani kwa mikono yake mwenyewe. Nje wakamsikia akiimba.