Isale la Mkunde

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama watu walionyimwa chakula. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, mbuzi walipokuwa wakijibizana na wenye nyumba, mama mmoja aitwaye Mkunde alihamia kihamba kipya, yaani shamba lenye nyumba ndani yake, chini ya mlima, kule jua linakowahi na mvua inakochelewa. Cha kwanza kupanda uani hakikuwa mgomba wala maharage. Alipanda isale, kichaka cha majani marefu ya kijani.

Kuku akalidonoa. "Halina punje, limechimbiwa bure. Shimo limepotea!"

Mbuzi akalionja, akatema. "Halina utamu. Shimo limepotea!"

Jirani yake Ndetaramo, mwanamke mwenye ulimi mkali, akachungulia uani. "Dada, hili haliingii chunguni. Shimo limepotea!"

Isale likajibu, "Sina haraka. Nipandeni, mnisahau."

Wakalisahau kweli.

Kikaja kiangazi, kiangazi, kiangazi hasa! Maharage yakakauka, migomba ikainama. Isale likabaki kijani, na hakuna aliyelimwagilia hata kata moja.

Siku moja mbuzi wa Mkunde akakata kamba, akaingia kwa Ndetaramo, akala machipukizi ya mgomba wake wa mwisho. Kihamba cha Ndetaramo kilikuwa upande wa juu wa mfereji wa maji, cha Mkunde upande wa chini. Ndetaramo akaziba mfereji kwa mawe na udongo. "Tone halipiti!"

Mkunde alikuwa na mtoto anayenyonya, na mtungi umekauka. Akaenda kuomba. "Jirani yangu, nisamehe."

"Maneno hayachipuzi mgomba. Tone halipiti!"

Akarudi na mbuzi kwa kamba. "Basi mchukue huyu awe wako."

"Aje amalizie? Tone halipiti!"

"Nilionja tu," mbuzi akasema. Mkunde akamkanyaga kwato.

Mara ya tatu hakubeba maneno wala mnyama. Alikata jani la isale, akalifunga fundo, akalishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni kwa Ndetaramo.

Nyie mnaocheka huko nyuma, sikilizeni. Kwa watu wa mlima ule, ukiletewa jani la isale lenye fundo, umeombwa msamaha, na hukatai. Hata kama umeumizwa vipi, hukatai. Ndetaramo alitamani kukataa, tena sana. Lakini akalipokea. Akaenda mwenyewe kung'oa mawe, na maji yakashuka mpaka kwa Mkunde.

Jioni Ndetaramo akaja na jembe begani. "Nimekuja kuomba kipande cha isale nikapande."

"Shimo halitapotea?" Mkunde akamtania.

Ndetaramo hakucheka. "Binti yangu nilimfukuza kwa hasira, akaenda kuishi ng'ambo ya mto. Ninamtaka nyumbani, dada. Leo nimezunguka uani kwangu kote, sina hata jani moja la kumwendea nalo."

Utani ukamwisha Mkunde. Akakata jani, jani zuri kuliko yote, akalifunga fundo.

"Ukipanda leo utangoja mpaka lini?" akasema. "Chukua hili, uende kesho asubuhi. Hicho kipande njoo ukichukue ukiwa na binti yako, mpande pamoja."

Na walipanda pamoja.

Hadithi yangu imeishia hapo, na anayetaka kuibishia akapande lake kwanza.