Chombo Kisichopimwa

Mwanamke mmoja alikuwa na ng'ombe wawili na mtoto mmoja. Wote watatu aliwalea peke yake, kwa kuwa mumewe alikuwa mpasua mbao na kazi ilimweka msituni majuma mengi. Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka mitano, jina lake Ikupa, na watu wote wa mlima ule walimwita mwanamke huyo Mama Ikupa.

Kila asubuhi alikamua, akachuja, akabeba maziwa hadi kwenye kituo ambako wafugaji wa kijiji humimina maziwa yao katika tangi moja. Kwa kuwa tangi ni moja, chombo kimoja kichafu huharibu jasho la kijiji kizima. Kwa hiyo mlangoni aliwekwa mzee mmoja aliyeitwa Ambakisye, kazi yake kupima. Huinua mfuniko, huinama, hunusa. Kisha huchanganya maziwa kidogo na spiriti ndani ya kichupa, akakitikisa. Yakibaki laini, yanapita. Yakikatika vipande vipande, yanarudi, na mwenyewe huyabeba hadi nyumbani huku foleni nzima ikimtazama.

Maziwa ya Mama Ikupa hayakuwahi kurudi. Chombo chake kilikuwa cha alumini, chenye shingo nyembamba, na alikisafisha mara mbili kwa siku, asubuhi akitoka kituoni na jioni kabla ya kukamua. Alitumia maji ya moto, sabuni, na brashi ngumu aliyoifunga kwenye kijiti ili ifike chini ya shingo, mahali ambapo mafuta ya maziwa hujificha. Akimaliza huingiza pua ndani na kuvuta pumzi. Akisikia harufu yoyote, hata ndogo kiasi gani, huanza upya. Kisha hukigeuza juu ya kichanja, kinywa chini, kikauke juani.

"Chombo hiki mtu anaweza kunywea uji wa mgonjwa," Mzee Ambakisye alisema siku moja, na Mama Ikupa aliishi na neno hilo mwezi mzima.

Wengine walirudishiwa. Jirani yake Tusajigwe alirudishiwa mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara ya tatu Mama Ikupa hakujizuia. "Dada Tusa, wewe chombo unakiosha au unakionyesha maji tu?" Watu wakacheka. Tusajigwe alifunga mfuniko wake, akatazama chini, akaondoka.

Nyumbani mwa Mama Ikupa palikuwa na mswaki mdogo wa rangi ya kijani, umechomekwa kwenye ufa wa ukuta. Mumewe aliununua siku alizokuwepo. Mwanzoni Mama Ikupa alijaribu kuutumia. Mtoto alibana midomo, akalia, akamng'ata kidole. Wakati huo ng'ombe wanalia bandani na gari linalochukua maziwa kituoni halimsubiri mtu. Mama Ikupa akaurudisha mswaki kwenye ufa. Mama mkwe wake, aliyeishi jirani na siku hiyo alikuwa ameketi jikoni, akamtuliza.

"Muache mtoto, mwanangu. Ni meno ya utoto hayo. Yatang'oka yenyewe, yaje mengine."

Neno hilo lilikuwa jepesi kubeba, naye akalibeba. Mtoto aliendelea kunywa chai yake ya maziwa yenye sukari nyingi, na jioni alilala na kikombe mkononi, utamu ukiwa bado mdomoni. Utando ulikaa kwenye meno yake kama ukungu, na hakuna aliyeufuta. Zilikuja alama nyeupe. Zikawa za kahawia. Zikawa mashimo. Ikupa akaanza kutafuna upande mmoja, na mama yake alipoona hivyo alimsagia karafuu, maumivu yakatulia, na kila kilichotulia alikihesabu kuwa kimepona.

Ikaja harufu. Mama Ikupa aliisikia. Ile pua iliyoweza kujua maziwa yamelala kwa saa ngapi ilijua vizuri kwamba kinywa cha mtoto wake kimeharibika. Mtoto alipomkumbatia na kumsemesha usoni, alianza kugeuza shavu pembeni. Aligeuza taratibu, mtoto asijue. Lakini pua yake ilipokuta harufu ndani ya chombo, alichemsha maji. Ilipoikuta kinywani mwa mtoto, aligeuza shavu.

Asubuhi moja ya mvua Ikupa aliamka na shavu limevimba, jicho limebaki mstari. Mwili ulikuwa wa moto. Alikataa chai. Mama yake alimgusa chini ya taya, akakuta pagumu. Akajiambia kuwa ni jipu la jino, litapasuka, litaisha. Hata hivyo alikamua kwa pupa, na ng'ombe alipiga teke, jambo ambalo hakulizoea.

Kituo cha afya kilikuwa mbali, kupita kituo cha maziwa, kwa barabara hiyo hiyo. Alimfunga mtoto mgongoni, akajitwisha chombo kichwani, akateremka. Alisema moyoni, nitapitisha maziwa kwanza, ni njiani tu, dakika chache, kisha nitampeleka. Hakuwahi kukosa hata siku moja, na leo hakutaka iwe ya kwanza.

Alikuta watu wanane mbele yake. Mvua ilipiga bati. Foleni ilisogea hatua moja, ikasimama. Mtoto hakulia, na kwa kuwa hakulia, mama alipata unafuu. Alihisi nguo yake inalowa begani. Akadhani ni mvua. Ilikuwa mate, kwa sababu mtoto hakuweza tena kuyameza.

Tusajigwe alikuwa nyuma yake katika foleni, na kutoka nyuma aliona vizuri.

"Mama Ikupa, huyu mtoto shingo imevimba. Mpeleke. Hicho chombo niachie, nitakupitishia."

Mama Ikupa alikitazama chombo chake, kisha akaitazama mikono ya Tusajigwe. Akakumbuka zile mara tatu. "Nimebakiza watu watano," akasema. "Nikipima naenda."

"Watu watano wakiwa na maneno kama Mzee Mwalwisi hapo mbele, utafika mchana."

"Nimesema nikipima naenda, dada."

Watu watano wakawa watatu. Watatu wakawa mmoja. Kila pumzi ya mtoto ilipita sikioni mwa mama na mlio mdogo, kama mtu anayekunywa chini ya kikombe kilichoisha. Mama aliusikia mlio, akakaza kanga, akasogea hatua moja mbele.

Zamu yake ilifika. Alitua chombo, akapiga goti ili mzee asipate taabu, na kichwa cha mtoto kikaegemea bega lake, karibu kabisa na mfuniko. Mzee Ambakisye aliufungua, akainama, akanusa. Akarudisha uso nyuma. Akainama tena.

"Leo yamekataa, Mama Ikupa."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Halafu mmoja nyuma akasema, "Hata yeye? Basi sisi wengine turudi tu nyumbani tukapike ugali," na wawili watatu wakacheka.

Uso wa Mama Ikupa ulipata moto. Alisahau mvua, alisahau njia, na kwa muda kama wa kufumba jicho alimsahau hata mtoto aliyekuwa mgongoni. "Shikamoo, mzee," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. "Nakuomba upime. Usinuse tu. Pima."

Mzee alipima. Alichota, akamimina spiriti, akatikisa kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Yalikuwa laini. Akakunja uso, akasuuza kichupa, akapima mara ya pili. Laini. Akafunga mfuniko wa chombo kwa nguvu, akaukandamiza kwa kiganja, kisha akainama na kunusa juu ya mfuniko uliofungwa. Harufu ilikuwa pale pale. Hapo ndipo alipoinua macho, akakutana na uso wa Ikupa, mdomo wazi kidogo, mate yakishuka, midomo imebadilika rangi.

Akasema kwa sauti ya chini, "Maziwa yako ni mazima, mama. Kinachooza ni mtoto."

Dereva wa gari la maziwa, aliyekuwa ameegesha nje, hakusubiri kuambiwa, aliwasha gari. Tusajigwe aliviacha vyombo vyote viwili pale chini kwenye tope, cha kwake na cha jirani yake, akapanda pamoja na mama na mtoto. Njia nzima alimshikilia mtoto kidevu kiwe juu ili pumzi ipite, na Mama Ikupa aliyashika magoti ya mtoto, kwa sababu hakuona kitu kingine cha kushika.

Kituo cha afya hakikuwaweka hata dakika tano. Waliwaandikia karatasi ya rufaa, wakawasukuma hospitali. Huko tabibu wa meno, mwanamke kijana kuliko Mama Ikupa, alijaribu kufungua kinywa cha mtoto, na hakikufunguka kupita ncha ya kidole. Alibonyeza chini ya taya, akaita wenzake. Walimkalisha mtoto wima, wakamwekea sindano ya dawa kwenye mshipa, wakampasua chini ya kidevu, na usaha ulipotoka hata muuguzi mzoefu aligeuza uso. Meno matatu yaliondolewa. Kisha tabibu alimketisha mama karibu na kitanda.

"Uvimbe umefika mahali pa pumzi," akasema. "Ukishuka, atapona. Ukipanda, hatutakuwa na muda mwingi. Tazama kifua chake. Kikianza kuvuta kwa nguvu, usisubiri, niite."

Mama Ikupa alitazama kifua. Kilipanda, kikashuka. Alipoletewa chakula hakukigusa, na muuguzi alipomwambia apumzike alisogeza kiti karibu zaidi na kitanda. Aliogopa kuangalia pembeni, kana kwamba macho yake ndiyo yaliyokuwa yakikipandisha. Alikumbuka mara zote alizogeuza shavu, na akaona kwamba hakuwahi hata mara moja kuuliza harufu ile inataka nini kwake.

Alasiri ya siku ya pili, Ikupa alifungua jicho lililokuwa limezibwa na uvimbe. Akasogeza ulimi kwa taabu. "Mama. Maji." Aliyameza. Yote hayakupita, mengine yalimwagika kidevuni, lakini aliyameza.

Baadaye tabibu alileta meno matatu kwenye kisahani, yakiwa meusi na matupu ndani. Hakumgombeza.

"Haya yalisafishwa lini mara ya mwisho?"

Mama Ikupa alitazama kisahani. Kama angeulizwa chombo cha maziwa, angetaja hata saa. "Tuliambiwa ni ya utoto," akasema polepole. "Kwamba yatang'oka."

"Yanang'oka, ndiyo. Lakini chini ya kila jino la utoto limelala la ukubwani, linasubiri. Usaha unashuka hadi huko. Moja au mawili kati ya hayo huenda yakaja na kasoro, tutaona." Akamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe namna ya kuinua mdomo wa mtoto na kupitisha mswaki polepole palipo na ufizi, nje, ndani na juu pa kutafunia, hadi nyuma kabisa, mahali pasipoonekana mtoto akicheka. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Baada ya mswaki wa usiku, maji matupu tu. "Na mkono uwe wako. Mtoto wa miaka mitano hawezi peke yake. Hata wa miaka saba bado umsimamie."

Walirudi nyumbani baada ya siku tisa. Mama mkwe alimpokea mjukuu wake kwa machozi, akamkagua mdomo, akasema, "Basi, yametoka mapema tu. Mengine yapo njiani."

Mama Ikupa, ambaye hakuwa na mazoea ya kumjibu mama mkwe, alijibu kwa upole. "Ndiyo, mama. Na nataka yakija yakute nyumba imefagiliwa."

Jioni ile alimweka Ikupa kati ya magoti yake, kichwa kimelala kifuani, akaanza. Mtoto alibana midomo. Akalia. Akang'ata. Mama alisubiri mdomo ufunguke, akaendelea pale alipoishia. Chombo cha alumini hakilii wala hakiogopi, na mtu hahitaji kukiomba radhi kila anapokisugua. Kazi hii ilimchosha kuliko ile, na alipomaliza hakuna aliyemwambia kuwa amefanya vizuri. Kesho yake asubuhi aliifanya tena.

Nawe uliyesikia habari hii, ni kitu gani ulichopewa ukitunze, ambacho umekiacha kioze kwa sababu tu hakuna mtu anayesimama mlangoni kukipima?