Msema Basi ni Mvutwa

"Msema basi ni mvutwa." Mmemsikia mwalimu wenu leo akimwambia hivyo yule kijana mwenye mikono ya pupa, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Msidhani ni ya wahenga. Aliyeyasema kwanza nilimpigia ngoma mimi mwenyewe, akapinduka mbele yangu mara nyingi tu. Yalianza hivi.

Kikundi chetu cha sarakasi hapa Tanga kilikuwa na vijana wawili, Singano na Mhando. Singano ndiye aliyekuwa nguzo, yule anayesimama chini wenzake wakampanda mabegani. Mhando alikuwa mwepesi, na kazi yake ilikuwa msamba. Akitanua miguu kulia na kushoto alishuka taratibu mpaka akakaa chini, kama mtu anayekaa mkekani kula. Walikulia mtaa mmoja, na katika mazoezi walinyooshana wao kwa wao.

Kunyooshana mnakujua. Mnakimbia kwanza mpaka jasho liwatoke. Kisha mnakaa mkitazamana, miguu imetanuliwa, nyayo za mmoja zimegusa miguu ya mwenzake kwa ndani, na mmeshikana mikono. Mmoja anaegemea nyuma polepole, mwingine anainama mbele huku akishusha pumzi, mpaka mapaja ya ndani yavute. Hapo mnatulia. Lakini siku zile tulikuwa na ujinga wetu. Aliyesema "basi" mapema alichekwa na kuitwa kuni kavu, kwa hiyo watu walijifunza kuuma meno na kunyamaza. Mhando peke yake hakujali. Alisema basi yake bila haya, na msamba wake ulitushinda sote.

Ikatokea kwamba watu wa sarakasi kubwa ya kusafiri walikuja kutafuta kijana mmoja wa kuondoka naye. Kila mtu alijua atakuwa Mhando. Mama yake, Bi Mwanahamisi, alikuwa ameshamshonea suruali mpya ya safari.

Wageni walifika mapema, tukiwa ndiyo kwanza tunaanza. Hata jasho halijatoka, Singano akamkalisha Mhando chini wanyooshane. Nadhani alitaka naye aonekane. Nguzo hutazamwa na nani, jamani? Macho yote huwa juu. Akavuta, na Mhando akainama kuliko siku zote. Wageni wakapiga makofi. Singano akageuza uso kuwatazama, huku bado anavuta.

"Basi," Mhando akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, ya kumfikia mwenzake tu. Singano aliisikia sawasawa. Akamnong'oneza, "Usinitie aibu mbele ya wageni." Akavuta tena, safari hii kwa mshtuo.

Mhando aliangukia ubavu, mikono imeshika paja, na uso wake ukabadilika rangi. Mwalimu alikuja mbio akauliza kumetokea nini. Singano akafungua kinywa, lakini Mhando alimtangulia. Akasema ni yeye mwenyewe, hakupasha mwili moto vizuri. Basi Singano akafunga kinywa chake. Alimbeba mwenzake mgongoni mpaka hospitali, na njia nzima watu walimsifu kwa utu wake.

Wageni waliondoka na kijana wa kikundi kingine. Hawakurudi tena.

Singano alikoma kuja mazoezini. Siku moja alipita kwa akina Mhando akitaka asionekane, Bi Mwanahamisi akamwita ndani. Akamwekea wali na samaki, akamshukuru kwa kumbebea mwanawe, akasema Mungu amempa Mhando ndugu ambaye yeye hakumzaa. Singano alikula wali ule. Alitwambia baadaye kwamba aliona haya hata kuomba maji.

Paja lilipoanza kupona, daktari alimruhusu Mhando kunyooshwa kidogo kidogo, apate mtu wa kumsaidia kwa utaratibu. Sote tuliogopa kumgusa. Mhando akaagiza aitwe Singano.

Wakakaa uani, nyayo zimegusana kama zamani. Singano alishika mikono ya mwenzake lakini hakuvuta.

"Vuta," Mhando akamwambia.

"Nivute mpaka wapi?"

"Mpaka niseme."

Singano akaegemea nyuma kidogo sana, hata kamba isingekazika kwa mvuto ule.

"Basi," Mhando akasema.

Singano akaachia papo hapo. Mhando akampa mikono tena. Akavuta, na kabla paja halijahisi kitu, Mhando akasema basi. Akaachia. Ikawa hivyo tena na tena, mpaka Singano akaelewa kwamba mwenzake hasemi kwa maumivu. Alikuwa anajaribu kama siku hizi anasikika.

Singano akainamisha kichwa akalia, na Bi Mwanahamisi akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Hapo ndipo alipomwambia mama yule kila kitu, akiwa bado amekaa chini, hathubutu kumtazama. Bi Mwanahamisi alirudi jikoni, na siku ile hakumwekea chakula.

Kesho yake Singano alikuja mazoezini akasimama mbele yetu. Alisema aliisikia ile basi, akaikataa, kisha akaacha mwenziwe abebe lawama na yeye abebe sifa. Tuliokuwa tukiwaita wenzetu kuni kavu tulitazama chini. Mmoja akamuuliza, sasa mvutaji atajuaje pa kuishia, na wengine ni waoga, watasema hata kabla hawajaguswa.

"Waseme," Singano akajibu. "Mimi maumivu yale sikuyasikia hata kidogo, na mikono iliyoyaleta ni yangu. Msema basi ni mvutwa."