Harufu ya Mashavu

Paukwa?

Pakawa.

Niwape ya wadogo?

Tupe, masikio tumetega.

Hapo zamani za kale, siafu walikuwa na mji wao chini ya shina la mkwaju. Siafu hawaoni, wanajuana kwa harufu. Malkia, mama yao, alikuwa na harufu ya kutuliza. Askari walikuwa na harufu kali: adui huyo, njooni mng'ate. Watenda kazi walikuwa na harufu ya upole: njooni tubebe. Na mwiko wao ulikuwa mmoja, mdomo usiaminiwe, harufu ndiyo iaminiwe.

Siwema alikuwa mtenda kazi, kichwa chake kidogo kama mbegu ya mchicha. Kazi yake ilikuwa kulea wachanga, naye aliidharau. Akamwomba dada yake Mashavu, askari, ampake harufu yake. Mashavu akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Siku ya tatu Mashavu aliuawa na kenge. Siwema hata kulia hakulia. Alijipaka mafuta ya taya za dada yake, yenye harufu ile kali. Tamaa haina haya, jamani.

Kila alipopita akapishwa njia. Moyo ukamjaa fahari.

Kisha mvua ikanyesha, maji yakaingia chumba cha watoto. Siwema aliyagundua wa kwanza, akaita kwa harufu. Wakaja askari, wakayang'ata maji. Akaita tena. Wakaja askari wengi zaidi, wakaziba mlango, na watenda kazi wakarudi nyuma wakidhani kuna vita. Siwema akapiga kelele kwamba ni maji, watoto wabebwe. Nani asikilize mdomo?

Mara ya tatu alijisugua kwa mchanga hata akachubuka, mpaka harufu ya askari ikaisha, yake mwenyewe ikarudi. Watenda kazi wakaja mbio, wakabeba. Waliowakuta hai walikuwa nusu.

Malkia akauliza, "Nani aliita?"

"Mimi, mama."

"Kwa harufu ya nani?"

"Ya Mashavu."

Malkia akasema, "Mashavu amekwisha kufa. Wewe nilikuwa bado nawe, na siku niliyokuhitaji hukuwepo."

Hapo ndipo Siwema alipolia, akamlilia dada yake na watoto wote.

Ndiyo maana mpaka leo siafu wakihama, askari husimama kandokando ya njia, na wadogo hupita katikati wamebeba watoto. Hakuna anayemwonea mwenzake wivu.

Mwanangu, usiitupe kazi yako kwa kutamani sifa ya mwenzako. Siku ya shida utaitwa wewe, si yeye.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mzigo wake, naye na autue.