Mteja wa Ng'ambo

Hapo zamani za kale, tena si kale sana, maana simu zilikwisha fika porini, wanyama walinunua magari bila kutoka nyumbani. Unatazama picha, unabonyeza bei yako, unasubiri. Ngoma ya adhuhuri ikilia, aliyetaja bei kubwa kuliko wenzake ndiye mshindi. Sikilizeni basi, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako.

Bi Pimbi aliishi mlimani, kwenye majabali, na watoto wake sita. Zamani walikuwa saba. Kisima kilikuwa mbali bondeni, na njia yote ilikuwa peupe. Siku moja wakienda kuteka maji, Tai alishuka, pwaa! Wakarudi sita, na ndoo moja ikabaki njiani.

Tangu siku hiyo Bi Pimbi hakutaka kitu kingine duniani ila gari. Liwe kuukuu, likohoe, mradi lina paa. Alijinyima mpaka akaweka akiba madebe arobaini ya mtama.

Ndipo Bwana Fisi, aliyekaa chini ya mlima uleule, akaliweka gari lake mnadani. Lilikuwa la kijani, taa moja imepasuka, lakini paa zima kabisa. Bi Pimbi akateremka kulikagua. Kosa alilofanya ni kulipapasa lile paa na kutokwa na machozi mbele ya mwenye gari. Mnunuzi halii, wanangu! Fisi aliyaona yale machozi, akameza mate.

Siku ya mnada, Bi Pimbi alikaa jabalini na jirani yake Mzee Kobe, simu mapajani. Akataja madebe ishirini. Papo hapo mtu aliyejiita Mteja wa Ng'ambo akataja ishirini na tano. Bi Pimbi akataja thelathini, yule akataja thelathini na tano. Bi Pimbi akataja arobaini yake yote. Mteja wa Ng'ambo akataja hamsini.

Bi Pimbi akapigwa na butwaa. Mzee Kobe akasema anamjua sana huyo Mteja, maana mwaka jana alimpandishia bei hivyohivyo, mpaka Kobe akainunua baiskeli ya Fisi kwa bei ya nyumba. Lakini sura yake hakuna aliyewahi kuiona.

"Mzee Kobe," Bi Pimbi akasema polepole, "umekisikia kicheko?"

Kila Mteja wa Ng'ambo alipopandisha bei, kicheko kilipanda kutoka chini ya mlima. Kwi-kwi-kwiii! Fisi anaweza kuficha nyama, anaweza kuficha mifupa, lakini kicheko kinamshinda.

Mzee Kobe akachungulia chini ya mlima. "Ina maana ananunua gari lake mwenyewe?"

Bi Pimbi alikasirika. Halafu akaikumbuka sheria ya Nyati, mwenye mnada. Kwa ajili ya wahuni waliotaja bei kubwa kisha wakatoweka, Nyati alikata shauri kwamba kila mshindi alete ushuru siku ileile, debe moja katika kila kumi, kabla jua halijazama. Na aliyeidai sheria hiyo kwa kelele kuliko wote alikuwa Fisi.

Bi Pimbi akampigia Fisi simu, na safari hii akalia kilio cha makusudi.

"Bwana Fisi, mwombe huyo wa Ng'ambo aniachie. Ukoo wote wa mlimani umenichangia mtama. Hata akipanda mpaka mawinguni, nitamfuata."

Fisi akampa pole kwa sauti laini, akasema mnada ni mnada.

Wakaendelea. Bi Pimbi akataja mia. Kwi-kwi, mia na kumi. Akataja mia mbili. Kwi-kwi, mia mbili na kumi. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, hakutaka kuona. Bi Pimbi akabonyeza mia tatu na tisini, akategea sikio.

Kimya.

Fisi akinyamaza hapo, ile akiba karibu yote itakwenda kwa Nyati kuwa ushuru, na gari asilipate, maana hana zaidi. Bi Pimbi aliwatazama watoto wake sita. Kivuli cha Tai kikapita juu ya jabali. Adhuhuri ilikuwa imefika.

Kwi-kwi-kwiiii! Mia nne.

Bi Pimbi akaiweka simu chini, akaikalia. Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma ikalia.

Wote wakakusanyika uwanjani kwa Nyati, Fisi na Bi Pimbi wakiwamo, na wanyama hawakuamini masikio yao. Madebe mia nne kwa gari lenye taa moja! Nyati mwenyewe alisoma mara mbili, kisha akampigia mshindi. Tiriri! Tiriri! Simu ikalia ndani ya mfuko wa kanzu ya Fisi. Shingo zote zikageuka.

Fisi akasema huyo ni shangazi yake.

"Pokea," Nyati akasema.

"Haloo," Fisi akasema kwa sauti ndogo. Na katika simu ya Nyati, mbele ya watu wote, ikatoka ileile haloo.

Nyati akainamisha pembe, akadai ushuru wake, madebe arobaini. Ghalani kwa Fisi hamkuwa na punje, mifupa mitupu. Basi Nyati akalishika gari, akauliza nani ana madebe arobaini alichukue.

"Mimi," Bi Pimbi akasema, "ninayo arobaini kamili."

Mtama ukaenda kwa Nyati, ufunguo ukaenda kwa Bi Pimbi. Fisi alisimama katikati, macho yamemtoka.

"Na mimi je? Napata nini?"

Bi Pimbi alikwisha panda kwenye kiti, amesimama wima ili aone mbele.

"Wewe umeshinda mnada, Bwana Fisi."

Jioni ileile gari lilikwenda kisimani likikohoa, watoto sita ndani. Tai akashuka. Krrr! Kucha zake zikakwaruza bati, akarudi juu mikono mitupu. Watoto wakacheka, na mama yao akalia tena, maana viti vya nyuma vilikuwa saba.

Nanyi mkiulizwa hadithi hii inafunza nini, semeni: mchimba kisima huingia mwenyewe.